Umri wa Land Rover ya Ngulyati

Ndugu Mhariri ameniomba niandike kurasa chache juu ya ile Land Rover iliyolala kando ya ghala la zamani la pamba hapa Ngulyati, kwa kuwa katika mkutano wetu uliopita wa wanafunzi wa zamani motokaa hiyo ilizua ubishi mkubwa kuliko hata hesabu za michango. Kamati ilipendekeza ikarabatiwe, isogezwe karibu na kiwanja cha shule, na iwekewe kibao. Juu ya ukarabati hakuna aliyepinga. Ubishi ulikuwa juu ya mwaka utakaoandikwa katika kibao. Wengine walisema 1954, wengine 1958, na ndugu mmoja aliyefika amevaa suti nzuri kutoka Dar es Salaam alisema kwa uhakika kuwa ni ya 1975, kwa sababu wavu wake wa mbele ni wa plastiki.

Kwa kuwa mimi kazini kwangu nimeandika orodha nyingi za magari ya Serikali yanayongoja mnada, na kwa kuwa Chuo Kikuu nilisoma historia, nilikabidhiwa kazi ya kuamua. Nayachapa hapa niliyoyaona pamoja na njia niliyoitumia, ili mwenzetu yeyote aweze kwenda na futi ya kupimia akahakikishe mwenyewe.

Mwaka huo si jambo dogo. Kama motokaa hiyo ni ya 1954, basi kibao kitasema kwamba wakulima wa pamba wa upande wetu walikuwa na gari lao wenyewe kabla ya uhuru, katika miaka ambayo TANU ilipigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa, yaani tangu 1954 hadi 1958. Hivyo ndivyo wazee wetu wanavyosimulia. Kama ni ya 1975, basi ni mali ya zama za vijiji na mamlaka za mazao, na wazee watakuwa wamesimulia jambo ambalo halikutokea. Tena kuna fedha. Michango imekwisha kutolewa kwa ajili ya spea, na muuza spea swali lake la kwanza ni moja tu: gari la namna gani?

Hapana budi kueleza kidogo asili ya magari haya. Land Rover ilibuniwa mwaka 1947 na Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza, aliyekuwa na jipu la Kimarekani lililobaki vitani akilitumia shambani kwake. Gari lenyewe lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, bei yake ikiwa pauni 450. Vita vilikuwa vimeisha juzi tu, na chuma cha bati kiligawiwa kwa kibali. Hivyo bodi ilifanywa kwa mchanganyiko wa alumini, na chesisi ikaundwa kwa vipande vya chuma bapa vilivyounganishwa kwa kuchomelewa hata vikawa kama sanduku refu. Hata rangi haikuwa ya kuchagua: mwanzoni ilikuwa kijani tu. Rover walidhani wangeliunda gari hili kwa miaka michache, kisha warudie magari yao ya kifahari. Badala yake liliendelea, likibadilika umbo na jina, mpaka Januari 2016 lilipotoka la mwisho kiwandani Solihull.

Alumini hiyo ndiyo iliyotuletea ubishi wote huu. Haili kutu kama chuma. Chesisi ya Land Rover huweza kuoza na kukatika vipande viwili huku madigadi na milango yake vikiwa vizima kabisa, na kwa kuwa vyote vimefungwa kwa bolti na nati, fundi mwenye spana chache huweza kuvihamishia kwenye gari jingine asubuhi na mapema, na ifikapo alasiri gari hilo likawa na uso mpya. Mtu anayetaka kujua umri wa Land Rover kwa kuitazama usoni ni sawa na mtu anayetaka kujua umri wa mzee kwa kutazama kofia yake.

Wenzetu wapenda magari ya kale huko Ulaya hushughulika sana na magari ya mwanzo kabisa ya kila aina, kwa sababu hayo ndiyo yenye tofauti nyingi na ndiyo yenye thamani. Volkswagen, kwa mfano, ile tuliyoizoea kwa mapadre na walimu wakuu, ilikuwa na dirisha la nyuma lililogawanyika mawili mpaka mwaka 1953, kisha dirisha moja la duara-yai mpaka 1957, ndipo likaja lile pana. Hapo kazi ni rahisi: unazunguka nyuma, unatazama, umemaliza. Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland wa hapa kwetu Tanzania, inahitaji jicho kali zaidi. Lakini Land Rover ndiyo yenye taabu kuliko zote, maana kiwanda chake hakikungoja Januari ndipo kibadilishe kitu. Kilipopata bolti bora, bolti ilibadilishwa wiki hiyo hiyo.

Nitataja mabadiliko makubwa tu. Magari 48 ya majaribio yaliyotangulia yalikuwa na chesisi iliyochovywa zinki. Yaliyofuata kwa ajili ya kuuzwa yalipakwa rangi tu. Za mwanzo zilikuwa na inchi 80 baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na injini ya petroli ya lita 1.6. Taa zao zilikuwa ndogo, zimefichwa kabisa nyuma ya wavu wa waya uliotandazwa mbele yote. Mwaka 1950 taa zikafanywa kubwa, na wavu ukatobolewa matundu mawili ya mviringo ili taa zichungulie. Hali hiyo ya matundu haikudumu hata miaka miwili. Wavu ukapunguzwa ukawa na umbo la herufi T iliyopinduliwa, taa zikakaa kila upande wa mguu wake. Karibu wakati huo huo injini ikawa ya lita 2. Milango ya hizo za mwanzo kabisa haikuwa na mshikio kwa nje: uliingiza mkono kupitia kwenye turubai ukafungua kwa ndani.

Mwaka 1954 zikaja za inchi 86 na inchi 107. Mwaka 1956 mhandisi alihitaji nafasi ya injini ya dizeli iliyokuwa njiani, akasogeza ekseli ya mbele inchi mbili, ndipo tukapata 88 na 109, hesabu ambazo kila dereva wa Tanzania anazijua kama jina lake. Series II ilitoka Aprili 1958, ikiwa na mbavu zilizotuna kidogo chini ya madirisha, na injini ya petroli ya lita 2.25; ingawa zile fupi za mwanzo, takriban 1,500, zilifungwa ile injini ya zamani ya lita 2 mpaka ilipokwisha akiba. Septemba 1961 ikaja Series IIA, ambayo kwa macho haina tofauti na iliyotangulia. Mnamo 1968 na 1969 taa zikahamishwa kutoka katikati zikapelekwa kwenye madigadi, na wavu ukawa na umbo la msalaba mpana. Oktoba 1971 ikaja Series III: wavu wa plastiki, saa za dashibodi zikahamishwa kutoka katikati kuwekwa mbele ya dereva, na gia zote nne za mbele zikawa za kuingia bila kulia, ambapo awali zilikuwa hivyo ya tatu na ya nne tu. Wale waliojifunza gari katika 109 ya zamani wanakumbuka jinsi gia ya pili ilivyowaaibisha mbele ya abiria.

Sasa nirudi Ngulyati. Nilikwenda siku mbili, pamoja na fundi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika gereji za magari ya umma, na kijana wa kidato cha tatu aliyetuandikia. Gari liko chini ya mwarobaini. Injini haimo, iling'olewa siku nyingi. Viti havimo. Ndani ya sanduku la nyuma mbuzi hupumzika wakati wa jua.

Kwanza tulipima. Kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu la mbele mpaka cha nyuma tulipata sentimita 277, yaani inchi 109. Hapo hapo mwaka 1954 ukawa umeanguka, maana 109 haikuwapo kabla ya 1956.

Pili tulitazama ule wavu wa plastiki uliomridhisha ndugu yetu wa suti. Ni wa Series III kweli, na madigadi yote mawili yenye taa ni ya Series III. Lakini wavu ulikuwa umefungwa kwa waya wa kufungia marobota ya pamba. Tuliufungua waya tukauondoa, na nyuma yake, katika bati la katikati, tukaona matundu mawili makubwa ya mviringo, kila moja limezibwa kwa kipande cha debe kilichopigwa ribiti. Kijana akauliza ni ya nini. Fundi akacheka akamwambia, "Hapo ndipo macho yake yalipokuwa kabla hajatiwa miwani." Gari hili lilizaliwa na taa katikati, likagongwa au likachakaa mbele, likapewa madigadi ya nduguye mdogo. Basi 1975 nayo ikaanguka, na pamoja nayo kila mwaka baada ya 1969.

Saa za dashibodi, au tuseme matundu yake, ziko katikati. Hilo linakubaliana na taa. Juu, katika fremu ya kioo cha mbele, tukaona jambo lililonifurahisha zaidi: mota ndogo ya waipa, moja mbele ya dereva, na alama za bolti za nyingine upande wa pili. Land Rover za mwanzo zilikuwa na mota mbalimbali kwa kila waipa, zimetundikwa usoni pa abiria. Karibu na mwaka 1967 zikaondolewa, ikawekwa mota moja iliyofichwa ndani. Mota ya waipa ni kitu ambacho hakuna fundi wa Bariadi angejisumbua kukirudisha kwenye mtindo wa zamani. Kama ya zamani imo, basi ilikuwamo tangu mwanzo.

Ilibaki namba. Kibati chenye namba ya gari hakipo. Yamebaki matundu yake manne. Watu wengi hukata tamaa hapo, au hutazama namba za usajili. Namba za usajili hazisaidii. Zinakuambia siku gari lilipoandikishwa na lilikuwa mikononi mwa nani, ST kwa Serikali, SU kwa shirika la umma, na gari likiuzwa mnadani huandikishwa upya kama mtoto aliyezaliwa jana. Lakini namba ya chesisi imegongwa pia katika chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na pale springi inaposhikwa. Tulikwangua tope na rangi kwa brashi ya waya, tukasugua kwa chaki ya shule, kisha tukaifuta kwa kitambaa. Chaki ikabaki katika mikwaruzo, na namba ikatokea nyeupe.

Inaanza na 252, na mwisho wake ni herufi B.

Katika Series IIA, tarakimu tatu za kwanza ndizo zinazoeleza gari. Zilizoanza na 25 na tarakimu ndogo baada yake ni 109 za petroli. 251 ni ya kuuzwa Uingereza kwenyewe. 252 ni ya kupelekwa nchi za nje, usukani kulia, ikiwa imekamilika. 253 ni usukani kulia vilevile, lakini hupelekwa vipande vipande ikaundiwe huko iendako. Basi yetu ilitoka Solihull ikiwa nzima, ikapanda meli. Herufi ya mwisho ilibadilishwa kila kiwanda kilipobadilisha jambo lililomhusu muuza spea: A kwanza, kisha B, na kuendelea mpaka mwisho wa Series IIA. Haisemi mwaka. Katika Series II iliyotangulia, tarakimu ya nne ilikuwa ni ya mwaka, 8 kwa 1958, 9 kwa 1959 na kadhalika. Utaratibu huo mzuri ukaachwa 1961, na sisi watunza orodha tumeulilia tangu hapo.

Kwa hiyo hukumu ni hii. Gari lililo chini ya mwarobaini halikuweza kuundwa kabla ya Septemba 1961, na herufi B inalisogeza mbele kidogo zaidi, kwa kuwa A ilitangulia. Halikuweza kuundwa baada ya kama 1967. Kwa kuwa bendera ya uhuru ilipandishwa tarehe 9 Desemba 1961, tuna gari la miaka ya kwanza ya uhuru.

Miaka hiyo vyama vya ushirika vya pamba katika Usukuma vilikuwa na nguvu ambayo vijana wa leo hawawezi kuikisia. Vilianza kwa jambo dogo la mizani. Mkulima alibeba pamba yake mpaka dukani kwa mnunuzi, mnunuzi akapima, na mkulima hakuwa na njia ya kujua kama mizani ilisema kweli. Wakulima wakaanza kuweka watu wao wa kupima. Kutokana na hao wapimaji vikaja vyama vya msingi, na Paul Bomani, aliyekuja kuwa waziri, akaviongoza mpaka ukaundwa mwaka 1955 muungano wa vyama vya Victoria, ambao baadaye ukawa Nyanza. Wakati huo upande wetu ulihesabiwa katika Wilaya ya Maswa. Chama kilihitaji kufika vituo vya kununulia pamba, kubeba fedha, kubeba daftari na mizani. Na mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbuga haukubali gari jingine. Kwenye luseni, ule udongo wa mchanga, hata Bedford iliyojaa marobota ilipita. Kwenye mbuga ilizama mpaka kwenye ekseli, na ilivutwa na maksai.

Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na ununuzi ukawa wa vijiji na Mamlaka ya Pamba. Magari nayo yalipata mabwana wapya. Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kisha miaka ya ukosefu wa fedha za kigeni, ambapo spea ilikuwa haipatikani kwa fedha wala kwa ndugu. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na upande wetu ukapata SHIRECU. Ni katika miaka ile ya shida, kwa maoni yangu, ambapo gari letu lilipewa madigadi ya Series III. Fundi hakuwa akiharibu historia. Alikuwa na magari mawili mabovu na alitakiwa apate moja zima kabla ya msimu wa pamba.

Ningeweza kuishia hapa, nikaandika 1962–1967 na kuwaambia wazee kuwa wamekosea. Lakini mtu aliyesoma historia anapaswa kumsikiliza shahidi mpaka mwisho, hata baada ya kuona chuma.

Tulimwendea mzee mmoja ambaye katika ujana wake alikuwa mbeba mizani wa chama. Nilimwamkia, "Mwangaluka, guku," naye akaniuliza mimi ni wa ukoo gani kabla ya kujibu lolote jingine. Nilipomweleza juu ya namba na mota za waipa alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Ng'wana wane, hilo la chini ya mwarobaini nalijua. Mimi sikusema hilo." Gari alilopanda yeye lilikuwa fupi. Nyuma walikaa watu wanne na mizani, na magoti yaligongana. Halikuwa na paa la bati bali turubai. Na macho yake, alisema akikunja vidole viwili kufanya miduara mbele ya uso wake, yalichungulia katika wavu kama ya mtu aliye nyuma ya wigo.

Nilimwuliza gari hilo lilikwenda wapi. Akasema lilikufa, likagawanywa. Kisha akatuelekeza nyumba ya tatu kwa mama mmoja mfuga kuku.

Mlango wa banda la kuku la mama huyo ni wavu wa waya mzito, mraba mpana, wenye fremu, na ndani yake matundu mawili ya mviringo, moja kila upande, yamezibwa kwa mifuko ya mbolea ili vifaranga wasitoke. Fundi alichuchumaa, akaushika, akanyamaza kitambo. Wavu wa namna hiyo, wa kufunika mbele yote na wenye matundu ya taa, ni wa Land Rover ya inchi 80 ya mwaka 1950 au 1951. Haukuwekwa kwenye gari jingine lolote, kabla wala baada.

Basi magari yalikuwa mawili. La kwanza ni fupi, la miaka ya mwanzo kabisa ya Land Rover, ambalo bila shaka lilifika huku likiwa limekwisha kutumika na mwingine, na ndilo wazee wanalolikumbuka. La pili ni 109 ya miaka ya uhuru, ndilo lililobaki. Katika masimulizi, la kwanza lilipokufa, habari zake zilihamia katika mwili wa la pili, kama vile madigadi yalivyohama. Sisi tuliosoma hapa miaka ya 1990, na kukaa ndani yake tukijifanya madereva wakati wa mapumziko, tulisimuliwa habari za gari moja tukiwa tumeketi katika jingine.

Wavu peke yake hauthibitishi kwamba gari fupi lilikuwa la chama mwaka 1954 au 1957. Unathibitisha kuwa Land Rover ya 1950 au 1951 iliishi Ngulyati na ikafia Ngulyati, na kuwa mzee alieleza uso wake sawasawa kabla hatujauona wavu. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito. Mtu akikumbuka macho ya gari kwa usahihi huo baada ya miaka zaidi ya sitini, na mimi nikamkatalia kuwa lilibeba mizani, itanibidi nieleze kwa nini.

Sasa mapendekezo yangu kwa Kamati, ambayo nimekwisha kuyapeleka kwa maandishi.

Kibao kiwe na mistari miwili, mmoja kwa kila gari, na mwaka wa 109 uandikwe "baina ya 1961 na 1967". Ndugu wawili wamenipigia simu kusema kwamba kibao chenye "baina ya" hakipendezi. Hakipendezi kweli, lakini ni cha haki.

Madigadi ya Series III yaachwe. Najua wako wanaotaka gari lirudishwe kama lilivyotoka Solihull, taa katikati, rangi ya kijani. Na katika tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024, ambako yalikusanyika mamia na mamia ya magari haya, nilisikia kuna yaliyosafishwa hata yakang'aa kupita mapya. Kwa gari la mtu binafsi sina neno. Letu lilifanya kazi likiwa na uso huo wa kuazima, na vipande vile vya debe vilivyoziba macho vilipigwa ribiti na mtu wa hapa. Vioshwe, vipakwe mafuta, vibaki.

Spea zisinunuliwe kwa jina la "109" tu. Sahani ya klachi ya hizi za mwanzo ni ya inchi 9, ile ya Series III ni ya inchi 9 na nusu, na muuzaji akisikia 109 atakupa ile iliyo mbele yake rafuni. Aambiwe: IIA, 252, herufi B, ya petroli. Kama injini itakayopatikana ni ya gari jingine, klachi ifuate injini hiyo, na jambo hilo liandikwe katika faili.

Mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekwisha kutoa bei mara mbili aambiwe hapana kwa maandishi, na nakala ipelekwe ofisi ya kijiji. Chesisi yetu bado ni nzima isipokuwa mwamba mmoja wa nyuma, na ndani ya chesisi ndimo ilimo namba. Yeyote atakayepaka rangi asiipake sehemu ile ya mbele kulia mpaka namba ipigwe picha.

Wavu wa kuku uwekwe ndani ya jengo, ukutani, wala usifungwe kwenye 109, ambako hautaingia na ambako utawadanganya watakaokuja baada yetu. Mama mwenyewe hana kinyongo. Ametaka mita sita za waya wa kuku, mpya, na fundi wa kuufunga, kabla hajauachia. Mweka hazina amekubali mita sita; juu ya fundi bado wanazungumza.

Mwisho ni ombi. Aliye na picha yoyote ya zamani ya ghala la pamba, ya siku ya kununua pamba, au ya harusi ambayo motokaa imeonekana nyuma ya maharusi, ailete siku ya mkutano au aitume kwa Katibu. Vilevile kadi za magari, daftari za safari, na stakabadhi za petroli za chama, hata zilizoliwa na mchwa. Picha zitarudishwa kwa wenyewe. Natafuta hasa picha ya gari fupi lenye turubai, taa zake zikichungulia katika wavu, na namba ya usajili ikisomeka.